Insha Nazo Zihesabiwe Fasihi

Katika miezi ya karibuni nimekamilisha insha kadhaa nilizokuwa nikizitengeneza kwa muda mrefu, nimeanza kukusanya kitabu cha nathari za waandishi walionitangulia, na nimefuatilia habari za uwanja wa fasihi kwa makini kuliko kawaida yangu. Wasomaji wanaoniuliza ninashughulika na nini wanastahili jibu kamili, na jibu hilo haliwezi kuwa orodha ya vichwa vya maandishi, kwa sababu kazi zote hizi zimetokana na imani moja. Naamini kwamba insha ya Kiswahili, yaani nathari ambamo mtu mzima anafikiri mbele ya msomaji kwa jina lake na kwa sauti yake, ni fasihi kamili, ina historia ndefu kuliko riwaya yetu, na tumeidhulumu kwa kuiacha ibaki zoezi la mtihani.

Insha iliyonichukua muda mrefu kuliko zote inahusu waraka mmoja. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 25, aliandika waraka wa kisiasa wenye kichwa "Kenya: Twendapi?", uliosambazwa kwa siri, ambamo aliikosoa serikali ya KANU kwa jinsi ilivyokuwa ikikiminya chama cha upinzani cha KPU kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga. Kwa waraka huo alifungwa, na alikaa gerezani hadi mwaka 1972, sehemu kubwa ya kifungo chake akiwa ametengwa na wafungwa wenzake. Humo ndani alitunga mashairi kwa siri, akayaandika katika karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka uliofuata. Kisa hiki anakijua kila aliyesoma ushairi wa Kiswahili. Husimuliwa madarasani na kurudiwa katika tahakiki, na kila kinaposimuliwa ule waraka hupewa sentensi moja tu, kana kwamba kazi yake ilikuwa kumfikisha mshairi gerezani ili diwani ipatikane.

Katika insha yangu nimeugeuza mpangilio huo, nikaanza na waraka na kuyafanya mashairi kuwa yaliyofuata. Swali ninaloliuliza ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: kwa nini maandishi yaliyoitia dola hofu kiasi cha kumfunga mwandishi wake hayahesabiwi katika historia ya fasihi yetu, ilhali yale yaliyoandikwa kwa sababu ya kifungo hicho yamo katika kila orodha? Wapo watakaosema kwamba waraka ule ni siasa, na siasa ina mahali pake. Hoja hiyo siikubali, kwa sababu hatuitumii kwa ushairi. Mashairi yaliyomo katika Sauti ya Dhiki ni ya kisiasa kwa kiwango kile kile, na hakuna mhakiki aliyeyaondoa katika fasihi kwa sababu hiyo. Kinachotofautisha ni umbo peke yake. Vina na mizani vinatuashiria kwamba hapa pana sanaa, lakini nathari inayojenga hoja haina alama kama hiyo juu yake, na kwa hiyo tunaisoma kwa ajili ya habari iliyomo kisha tunaitupa pamoja na gazeti la siku ile. Mtu aliyepima kila neno kwa kujua kwamba linaweza kumgharimu uhuru wake alifanya kazi ya fasihi, na naona aibu kwamba tumechukua zaidi ya nusu karne bila kulisema hili kwa sauti kubwa.

Kutoka hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kitabu ninachokikusanya. Nilipoanza kutafuta insha za Kiswahili zilizoandikwa kwa ajili ya watu wazima, niligundua kwamba nyingi zimejificha ndani ya vitabu vya aina nyingine, na mahali zinapopatikana kwa wingi ni katika kurasa za mwanzo za diwani. Mfano mkubwa ni utangulizi ambao Euphrase Kezilahabi aliuweka mbele ya Kichomi mwaka 1974, akieleza kwa nini anatunga mashairi yasiyofuata vina na mizani na kwa nini anataka lugha ya ushairi iikaribie lugha ya watu wanavyozungumza. Mabishano yaliyofuata kati ya wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na wanamabadiliko, walioviacha, yanafundishwa hadi leo kama sura ya historia ya ushairi, lakini silaha za pande zote mbili zilikuwa za nathari: tangulizi, makala za magazeti, mihadhara, barua kwa wahariri. Kwa upande wa mapokeo, K. Amri Abedi alikuwa amekwisha kutangulia mwaka 1954 kwa maelezo yake ya sheria za kutunga mashairi, yaliyochapishwa pamoja na diwani yake. Mwaka huo huo ndio Shaaban Robert alipotoa Kielezo cha Insha, kitabu ambacho jina lake linatangaza wazi kwamba mwandishi wetu mkubwa kuliko wote aliiona insha kuwa sanaa inayohitaji kuonyeshwa mfano. Nimezisoma kurasa za Amri Abedi mara nyingi kwa ajili ya hoja zake juu ya mizani, na hivi karibuni nimezisoma upya kwa kuangalia namna anavyomshawishi msomaji, namna anavyoahirisha jambo lenye utata hadi awe amekwisha kukubaliana naye katika jambo jepesi. Huo ni ufundi wa mwandishi wa insha, na hakuna aliyewahi kunifundisha niutazame.

Kazi ya kukusanya ina shida zake, na baadhi yake si za kifasihi hata kidogo. Sheria za hakimiliki za Tanzania na za Kenya hulinda maandishi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya vipande ninavyovitaka lazima warithi watafutwe na waombwe idhini. Magazeti ya zamani ni tatizo jingine. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na wengi wanalikumbuka kwa ukurasa wake wa mashairi. Lakini barua na makala za wasomaji wake ni hazina ya nathari ambayo bado haijapekuliwa kwa jicho la mtu anayetafuta mtindo badala ya ushahidi wa kihistoria. Wanahistoria wamelitumia sana. Sisi waandishi hatujalitumia vya kutosha.

Insha nyingine niliyoimaliza inahusu safari. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha huko Göttingen kitabu cha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi ya safari yaliyoandikwa na Waswahili wenyewe kwa ombi lake. Mmoja wao ni Salim bin Abakari, Mngazija aliyesafiri mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani, Theodor Bumiller, kwenda Urusi hadi Siberia, kisha akaandika alichokiona kwa Kiswahili. Watu wengi ninaowaeleza habari hii hudhani ninatunga. Katika muongo ule ule ambao wasafiri wa Ulaya walikuwa wakijaza maktaba kwa vitabu vya kuwaeleza Waafrika, mtu wa pwani yetu alikuwa akizitazama nchi za theluji kwa macho yake, akipima watu, vyakula na nyumba zao kwa vipimo vya nyumbani kwake, na kuwaandikia wasomaji wa lugha yake.

Kilichonivuta zaidi ni nafasi yake katika maandishi hayo. Salim anasafiri kama mtumishi na anaandika kama shahidi. Njia haikuwa yake kuichagua, wala siku za kukaa mahali na za kuondoka, na hata maandishi yenyewe yaliombwa na mtu mwingine kwa madhumuni ya kitaaluma ya Berlin. Pamoja na hayo yote, uchaguzi wa kipi kitazamwe na kipi kipewe sentensi ndefu ulibaki mkononi mwake. Insha yangu inafuata uchaguzi huo tu. Nimejizuia kabisa kueleza alichohisi, kwa sababu hakukisema, na kila nilipoona nimeandika "kwa hakika" au "bila shaka" mbele ya jambo linalohusu moyo wake, nilirudi katika matini kutafuta neno linalonipa haki ya kusema hivyo. Lisipokuwepo, sentensi nzima iliondoka. Rasimu ilipungua sana kwa zoezi hilo, na sehemu zilizobaki zinasimama imara zaidi.

Katika mkusanyo huo huo wa Velten yumo Selemani bin Mwenye Chande, aliyesimulia safari ya msafara wa biashara kuingia bara. Hapa pana uzi ambao ningependa kila msomaji wa Kiswahili aujue. Wahakiki wameonyesha kwamba Abdulrazak Gurnah, alipoandika riwaya yake Paradise iliyotoka mwaka 1994, alichota katika masimulizi hayo ya kale kujenga safari iliyo katikati ya kitabu. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka 2022 riwaya hiyo ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Nathari ya kweli iliyoandikwa kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19 ilichapishwa Ujerumani, ikachangia kuijenga riwaya ya Kiingereza, kisha ikarudi kwa Kiswahili katika mwili wa riwaya hiyo. Tulisherehekea marejeo hayo, na tulikuwa na haki ya kusherehekea. Hata hivyo masimulizi yenyewe, yale ya mwanzo kabisa, hayapatikani kwa urahisi kwa msomaji wa kawaida wa Kiswahili katika toleo la leo lenye maelezo yanayofaa. Kama ningepewa nafasi ya kumwomba mchapishaji jambo moja tu mwaka huu, ningemwomba toleo hilo.

Tukija kwenye habari za tuzo, hali inatia moyo kwa upande mmoja na kunisumbua kwa upande mwingine. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, na imefanya kazi kubwa ya kuwafanya waandishi watoe miswada yao kabatini. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, kwa riwaya na ushairi. Najua waandishi ambao wamerudi kwenye meza ya kuandikia kwa sababu ya tuzo hizi, na ninawashukuru walioziasisi. Ile ya Safal-Cornell imeweka wasifu miongoni mwa aina inazozipokea, na hiyo ni hatua ya kweli. Lakini mwandishi wa insha, aliye na mkusanyo wa kurasa mia mbili juu ya kuzeeka kwa wazazi, juu ya lugha ya mahakamani au juu ya historia ya taarab, bado hana mlango wa kuupitisha mswada wake. Akiuliza, ataambiwa aufanye riwaya au aupeleke kwenye jarida la kitaaluma. Majarida kama Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yanafanya kazi muhimu kwa wanataaluma. Hayakuanzishwa kwa ajili ya mtu anayetaka kufikiri bila kunukuu nadharia katika kila aya, na hakuna sababu ya kuyadai yabadilike. Kinachotakiwa ni kipengele cha nathari isiyo ya kubuni katika tuzo tulizonazo, kitakachotangazwa kwa heshima sawa na riwaya. Kipengele kikiwepo, miswada itakuja. Tumeshaona ilivyokuwa kwa riwaya.

Msiba wa Mei 2025, kifo cha Ngũgĩ wa Thiong'o, ulinirudisha kwenye jambo hili kwa njia nisiyoitarajia. Maombolezo mengi yalitaja riwaya zake, na ni sawa. Mimi nilikumbuka kwamba hoja iliyobadili mawazo ya vizazi vya waandishi wa Afrika kuhusu lugha za kuandikia ilikuja kwa njia ya insha, katika kitabu chake cha Decolonising the Mind cha mwaka 1986, ambamo alitangaza kwamba kuanzia hapo angeandika kwa Kikuyu na Kiswahili. Yeye pia alikuwa amefungwa, kati ya mwisho wa 1977 na mwisho wa 1978, na yeye pia aliandika gerezani katika karatasi za chooni. Riwaya aliyoiandika humo inakumbukwa, na insha zake zinakumbukwa vilevile, kwa kuwa ziliandikwa kwa Kiingereza na zikapata wachapishaji, wahakiki na madarasa yaliyozichukulia kuwa kazi kubwa. Nilipokuwa nikiandika maombolezo yangu sikuweza kujizuia kulinganisha bahati ya insha hizo na bahati ya waraka wa Mombasa.

Kwa upande wa tafsiri kutoka Kiswahili, miaka hii ni ya neema. Mwaka 2023 ilitoka No Edges, mkusanyo wa hadithi za Kiswahili katika Kiingereza, na mwaka 2025 Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, ikatoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Jay Boss Rubin. Ninafurahi kwa dhati. Kezilahabi alifariki Januari 2020 bila kuiona siku hiyo, na wasomaji wa mbali sasa wataanza kumjua. Nitaongeza tu kwamba utangulizi wa Kichomi nao unastahili kutafsiriwa, maana mtu akiusoma ataelewa kwamba huyu hakuwa mwandishi wa kipaji tu. Alikuwa mwanafikra aliyejua anachokivunja na kwa nini.

Nimesema kwamba tumeiacha insha kuwa zoezi la mtihani, na neno hilo linahitaji ushahidi. Yeyote aliyesoma katika shule zetu, hasa kwa upande wa Kenya, anaijua aya ya ufunguzi inayokaririwa: jua limechomoza kwa madaha, ndege wanatumbuiza kwa nyimbo tamu, majogoo wamewika, na mwandishi amedamka mapema kuliko siku zote. Mada inaweza kuwa ajali, harusi au umuhimu wa maji, ndege wale wale wataimba. Mwanafunzi anapewa alama kwa idadi ya misemo, na methali huwekwa mwanzoni na mwishoni kama inavyotakiwa na kanuni ya usahihishaji. Siwalaumu walimu, ambao wana madarasa makubwa na mtihani unaowahukumu wao pia. Ila matokeo yake ni kwamba kijana anamaliza shule akiamini kwamba kuandika ni kupamba, na kwamba nafsi yake mwenyewe, aliyoyaona na anayoyatilia shaka, havina nafasi katika karatasi. Ningependa kuona mwanafunzi wa kidato cha pili akipewa kurasa mbili za Shaaban Robert kutoka Wasifu wa Siti binti Saad, nathari ya mwaka 1958 juu ya mwimbaji aliyetoka katika ufukara wa Fumba hadi kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, kisha aulizwe swali moja: mwandishi anamheshimu vipi mtu huyu, na heshima hiyo umeiona katika sentensi ipi? Swali hilo halijibiwi kwa misemo ya kukariri.

Nimelijaribu swali hilo katika mikutano ya usomaji ninayoiendesha na vijana wanaotaka kuandika, na majibu yao yamenifundisha mengi. Binti mmoja alisema kwamba anaiona heshima mahali ambapo Shaaban hamwombei Siti huruma. Kijana mwingine akampinga, akasema heshima iko katika ukweli kwamba mwandishi alidhani maisha ya mwimbaji yanastahili kitabu, na kwamba kabla hatujafika kwenye sentensi tayari amekwisha kuamua. Walibishana kwa muda mrefu, kila mmoja akirudi kwenye ukurasa kutafuta mstari wa kumsaidia, na baadaye wote wawili waliandika ubishi wao. Hakukuwa na ndege waliotumbuiza. Kila mmoja alianza na jambo alilolitaka kulisema.

Insha ninayoiandika sasa inamhusu Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin na ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Velten mwaka 1903. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe Mjerumani, na watawala wa Dar es Salaam wakawakatalia. Alirudi Ujerumani na akafia huko Berlin mwaka 1927. Katika maktaba nyingi jina lililo mgongoni mwa kitabu ni la Velten, na Mtoro hutajwa ndani kama mtoa habari. Ninakipitia kitabu hicho sura kwa sura, nikitenganisha kwa kadiri inavyowezekana mahali ambapo anaorodhesha desturi aliyoulizwa na mahali ambapo anaipima, anaitetea au anaicheka, na tayari sehemu ya harusi inanionyesha mwandishi mwenye maoni makali kuliko nilivyotegemea. Nitakapoimaliza nitaiweka katika mkusanyo pamoja na zile za Abdilatif na Salim, na katika yaliyomo jina la Mtoro litaandikwa kama la mwandishi.